Habari Ziwafikie: Radio Tanzania na Safari ya Masafa ya Kati

Ndugu watangazaji, ndugu mafundi mitambo, walimu wa uandishi wa habari, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya redio ya masafa ya kati hapa kwetu, hasa ile tuliyoijua kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Historia ya kituo cha redio husimuliwa mara nyingi kwa mfuatano wa wakurugenzi, majengo na sheria. Hayo nitayagusa pale yanapohitajika. Lakini nimekuja na swali moja, na nitaliuliza katika kila hatua ya safari hii: nani alikuwa anasikia? Kituo kinaweza kuwa na studio nzuri, watangazaji wenye sauti za kuvutia na vipindi vilivyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Kama wimbi halikumfikia mkulima wa Kibondo, basi kwake yeye kituo hicho hakipo.

Tuanze mwaka 1951. Matangazo ya redio Tanganyika yalianza Julai 1 mwaka huo, chini ya serikali ya kikoloni, na kituo kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam. Jina hilo halikuwa la unyenyekevu. Lilisema kweli tupu. Mtambo ulikuwa mdogo na usikivu wake uliishia mjini na vitongojini. Mtu wa Dodoma au Bukoba hakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna redio Dar es Salaam. Kenya ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi, tangu 1928, lakini redio ile ilianzishwa kwa ajili ya walowezi na kwa Kiingereza, ili wapate habari za kwao Uingereza. Redio ya Dar es Salaam ilikuja nyuma, ila ilikuja ikizungumza Kiswahili, na hilo ndilo lililoipa mustakabali. Lugha ilikuwa imekwishafika mahali ambapo wimbi lilikuwa bado halijafika. Siku mtambo mkubwa ulipopatikana, wasikilizaji walikuwa tayari wanangoja.

Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC. Usikivu ukapanuka, watangazaji Waafrika wakaongezeka, na uhuru ulipofika Desemba 9, 1961, sauti ya sherehe ile ilisikika mbali sana kuliko uwanja ilipofanyika. Kisha mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika lile na kuiweka redio moja kwa moja chini ya wizara. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam.

Hapa nataka niseme jambo waziwazi, maana ninaipenda RTD na sitaki mapenzi yanifunge mdomo. Kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya serikali, katika nchi ya chama kimoja. Waliosikia waliongezeka mwaka hadi mwaka. Waliopata nafasi ya kusema hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwanakijiji aliyehamishwa katika operesheni ya vijiji miaka ya 1970, akiwa na uchungu wake, hakuwa na kipindi cha kuusemea. Tunapozisifu enzi zile tusilifunike hilo. Tena kwa sababu redio ilikuwa moja, wajibu wake wa kumfikia kila mtu ulikuwa mkubwa zaidi, kwani aliyeachwa nje ya usikivu hakuwa na pa kwenda.

Naomba nikae kidogo kwenye mitambo, na wale wasio mafundi wanivumilie, kwa sababu bila kuelewa wimbi hatuwezi kuelewa historia hii.

Masafa ya kati ni yale yaliyoanzia takribani kilohezi 530 hadi 1600. Ukichukua kituo kinachorusha kwa kilohezi 600, urefu wa wimbi lake ni meta 500. Ndiyo maana watangazaji wa zamani walitaja meta wanapojitambulisha, na redio za zamani zilichorwa meta kwenye kioo chake. Antena nzuri ya wimbi kama hilo inataka urefu wa robo yake, yaani meta 125. Kwa hiyo kituo cha masafa ya kati si kijisanduku juu ya paa la ghorofa. Ni mlingoti mrefu wa chuma uliosimama peke yake shambani, na mlingoti wenyewe ndio antena. Chuma chote kile kinabeba umeme wa matangazo, kimekalia kizio cha kauri ili kisigusane na ardhi. Chini yake, kwenye udongo, zimetandazwa nyaya za shaba zinazotawanyika pande zote kama mizizi ya mbuyu. Wengi hawajui kwamba nyaya zile ni nusu ya kituo. Mwizi wa shaba akizing'oa, mlingoti utaendelea kusimama na taa zake nyekundu zitawaka, lakini usikivu utapungua na wasikilizaji watadhani redio zao zimechoka.

Mchana wimbi la masafa ya kati husafiri likiambaa na uso wa ardhi. Halihitaji kuuona mlingoti. Linapita vilima na misitu, linashuka mabondeni, na kwa mtambo wenye nguvu linafika mamia ya kilomita. Jua likizama hutokea jambo jingine. Juu angani kuna tabaka ambalo mchana hulimeza wimbi linalopanda. Usiku tabaka hilo hutoweka, na wimbi likapanda hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini, mbali sana na lilikotoka. Ndiyo sababu usiku redio ya masafa ya kati hukamata vituo vya nchi za mbali, na ndiyo sababu pia kituo kilichosikika safi saa kumi jioni huanza kuingiliwa saa tatu usiku. Radi nayo ina mkono wake: wakati wa masika kila mwanga wa radi uliingia kwenye matangazo kwa mlio wa mkwaruzo. Fundi wa FM atakuonyesha usafi wa sauti yake, na ana haki. Lakini wimbi la FM husafiri kama mwanga: mlima ukikaa katikati, aliye nyuma ya mlima amekosa.

Nchi yetu ina eneo la karibu kilomita za mraba 945,000, na kwa sehemu kubwa ya historia yake watu wake wengi wameishi vijijini, wakiwa wametawanyika. Huwezi kuipanga nchi ya namna hiyo kwa FM peke yake bila kujenga milingoti mingi sana. Awali masafa mafupi ndiyo yaliyobeba mzigo wa mikoa ya mbali, kwa sauti inayopanda na kushuka kama inayopumua. Baadaye mitambo ya masafa ya kati ikajengwa mikoani: Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na kwingineko. Ilikuwa ikipokea matangazo kutoka Dar es Salaam na kuyarusha upya kwa nguvu, na wakati mwingine ikiweka vipindi vyake yenyewe. Hilo la vipindi vyake yenyewe likumbukeni, nitalirudia.

Sasa nani alikuwa anasikia? Niwapeleke kwenye kipindi ambacho hakijawahi kupewa tuzo, wala hakina mtangazaji aliyejipatia umaarufu kwacho: matangazo ya vifo.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Muziki wa huzuni, kisha sauti tulivu isiyo na haraka. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mzazi wake, kilichotokea jana katika hospitali fulani. Mazishi yatafanyika kesho. Kisha: habari ziwafikie. Na hapo inaanza safari ya ramani. Habari zimfikie fulani aliyeko Tukuyu, fulani wa Shinyanga, fulani wa Tunduru, na ndugu na jamaa wote popote walipo.

Fikirini hali ilivyokuwa. Barua kutoka Mtwara hadi Musoma ilichukua wiki kadhaa. Simu zilikuwa kwenye ofisi za posta, za serikali na za misheni. Telegramu ilifika kwenye mji wenye posta, na kutoka pale mtu aipeleke kwa miguu au kwa baiskeli. Mazishi hayangoji wiki. Redio ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kumwambia mtoto aliyeajiriwa mbali kwamba mama yake amefariki leo, apande basi usiku huu. Na mara nyingi si yeye aliyeisikia. Aliyesikia ni jirani, au muuza duka, au mwalimu wa shule, au abiria mwenzake kwenye gari. Jina likitajwa, mtu anainuka, anavaa viatu, anakwenda kumtafuta mhusika. Kwa hiyo redio moja kijijini ilihudumia kijiji kizima bila kila mtu kuwa na redio. Tulisikilizana kwa niaba.

Nawaombeni wanafunzi mlitazame hili kwa jicho la utangazaji. Tangazo la kifo lilikuwa na mtumaji, mpokeaji aliyetajwa kwa jina, na saa ya mwisho ya kufika. Kama mtambo wa mkoa ulizimika jioni ile, mtu alikosa kumzika mama yake. Fundi wa zamu alilijua hilo. Sijui kama kuna kipimo kingine kikali kuliko hicho cha wajibu wa kituo.

Ukiacha vifo, kulikuwa na furaha tele, na nitaipitia haraka si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu kila mmoja hapa anayo ya kwake. Mama na Mwana cha Debora Mwenda, kilichowakalisha watoto chini wakatulia. Pwagu na Pwaguzi. Klabu Raha Leo Show. Mazungumzo Baada ya Habari, ambayo wazee waliyasikiliza kwa uzito ule ule wa taarifa ya habari yenyewe, ya saa mbili usiku. Mpira wa Simba na Yanga uliosikilizwa na watu kumi wamezunguka redio moja ya National au Philips, huku betri, yale mawe yetu, yamekwishaanikwa juani mara kadhaa ili yapate uhai kidogo. Kutokana na shule ile wametoka watangazaji waliokwenda kusikika duniani: Tido Mhando, ambaye baadaye aliiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na Charles Hilary, aliyekuwa akiutangaza mpira hadi msikilizaji anauona. Kiswahili chao hakikuwa cha bahati. Kulikuwa na watu studioni waliosahihisha matamshi, na msikilizaji naye aliandika barua kulalamika neno likitumiwa vibaya.

Lakini mwaka 1973 ulitokea mfano ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya nchi za mbali, na unastahili kufundishwa zaidi hapa kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya.

Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo na baada yake zilijaribiwa kampeni ndogo za redio. Ya mwaka 1971, Wakati wa Furaha, iliadhimisha miaka 10 ya uhuru. Kisha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na wenzake wakapanga jambo kubwa. Kwa wiki 12, vikundi vya watu vijijini vingekutana kila wiki, visikilize kipindi cha redio kuhusu ugonjwa mmoja: malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara, kifua kikuu. Baada ya kipindi, mtu mmoja anasoma kitabu kidogo kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Kisha watu wanajadiliana: hapa kwetu ugonjwa huu unatoka wapi? Kisha, na hili ndilo lililoitofautisha, wanaamua la kufanya na wanalifanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Waliohudhuria walikadiriwa kufika karibu milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu takribani milioni 15.

Vyoo vilichimbwa maelfu kwa maelfu. Nyasi zilifyekwa, madimbwi yakafukiwa, visima vikasafishwa. Mkulima aliyechimba choo hakumtii mtangazaji. Alitekeleza uamuzi wa kikundi alichokaa nacho. Redio ilifanya kazi ya kuwaita watu wote kwa wakati mmoja, kwa jambo moja, ili mtu wa Rufiji ajue kwamba jioni ile ile mtu wa Kahama naye anajadili kichocho. Mkisoma habari za kampeni hii, msidanganyike kwamba kilichofanya kazi ni kipindi kizuri. Kipindi kilikuwa kizuri, ndiyo. Kilichofanya kazi ni kwamba upande wa pili wa wimbi kulikuwa na watu waliokwisha kupangwa, wenye kitabu mkononi na kiongozi wanayemfahamu. Kampeni ya chakula iliyofuata mwaka 1975, Chakula ni Uhai, ilitumia njia hiyo hiyo.

Upande wa siasa za Afrika nitasema machache, kwa kuwa sehemu kubwa ilipita kwenye masafa mafupi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na RTD ilivipa vyama vya ukombozi muda wa hewani: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo walizungumza na watu wao kutoka studio zetu. Kwa mtu wa Msumbiji aliyesikiliza kwa kujificha, sauti ya Dar es Salaam ilikuwa ushahidi kwamba hajasahaulika. Na Novemba 2, 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee. Wazee walikuwa ukumbini. Nchi ilikuwa kwenye redio. Ile kauli yake juu ya uwezo, sababu na nia kila Mtanzania wa umri wangu anaijua kwa sauti, si kwa maandishi. Vivyo hivyo Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro akitoka Dodoma. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio, na watu walilia barabarani.

Kuna suala la muziki ambalo linaniuma, na sitalipita haraka.

Kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari kwenda Nairobi. Kwa bendi nyingi, mahali pa kurekodi palikuwa pamoja tu: studio za RTD. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, bendi za jeshi na polisi, Western Jazz, Kilwa Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, DDC Mlimani Park, vikundi vya taarab, kwaya, ngoma za makabila. Waliingia studioni, wakapiga pamoja kwa mara moja, fundi akarekodi kwenye mkanda. Maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati kwanza, na nyimbo zilizokataliwa zilipotea hivyo hivyo. Mkanda ulibaki redioni. Bendi ilipata jina, na kwa jina hilo ilijaza kumbi. Fedha ya kurekodi yenyewe ilikuwa ndogo.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania wa miaka ya 1960 hadi 1980 haipo mahali pengine popote duniani ila kwenye mikanda ile. Si nakala, ndio asili yenyewe. Na mkanda wa sumaku haudumu. Joto na unyevu wa pwani huifanya gundi yake ilainike, unga wa sumaku ukabanduka wakati unapochezwa. Mashine za kuuchezea zimekuwa adimu, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Juhudi za kuihamisha mikanda hii kwenda kwenye kompyuta zimefanyika mara kadhaa, na ninawashukuru wote waliozianzisha, lakini kazi hii inatakiwa iwe ya bajeti ya kila mwaka, isingoje wafadhili na wapenzi wa muziki. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Hawatarekodi upya.

Turudi sasa kwenye mtambo wa Dodoma.

Julai 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Ulikuwa wa nusu saa, mara mbili kwa wiki, na ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, katika miaka ambayo ugonjwa ule ulikuwa unaangamiza familia na watu waliogopa kuutaja. Kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake kila kituo, na kulikuwa na mkewe Tunu, ambaye polepole anajifunza kusimama mwenyewe. Mkwaju anaugua na kufa hewani, mbele ya nchi nzima. Watu waliwaandikia wahusika barua kana kwamba ni jirani zao.

Nchi nzima, nimesema. Isipokuwa Dodoma. Watafiti, wakiongozwa na Everett Rogers na Peter Vaughan, walitaka kujua kwa uhakika kama mchezo wa redio unaweza kubadilisha mwenendo wa watu. Ili kujua, walihitaji eneo la kulinganisha. Na kwa kuwa mtambo wa Dodoma ulikuwa na uwezo wa kuweka vipindi vyake yenyewe, kuanzia 1993 hadi 1995 ulirusha vipindi vingine saa ya Twende na Wakati. Mwaka 1995 mchezo ukafunguliwa Dodoma pia.

Matokeo yalikuwa bayana. Kwenye maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, watu wakapunguza idadi ya wapenzi, na kondomu zikatumika zaidi. Dodoma haikuonyesha mabadiliko kama hayo katika miaka ile miwili. Mchezo ulipoingia Dodoma, mabadiliko yakaanza kuonekana huko nako. Hata kliniki ziliwauliza wateja wapya wa uzazi wa mpango walikosikia habari zake, na wengi wakautaja mchezo ule. Utafiti ulipochapishwa ulisomwa duniani kote, kwa sababu ni mara chache sana nchi nzima imeweza kutumika kupima nguvu ya redio kwa namna hiyo.

Ninauheshimu utafiti ule. Uliwapa watangazaji wa nchi nyingi hoja ya kuwaambia mawaziri wa fedha: redio inaokoa maisha, na hapa upo ushahidi. Lakini kila ninapoufundisha, wanafunzi wa kutoka Dodoma hunyamaza. Wanajumlisha umri wa wazazi wao. Kulikuwa na watu mkoani mwao, mwaka 1994, ambao wangesikia habari za Mkwaju na huenda wangebadili jambo moja maishani, na hawakusikia, kwa sababu ilipangwa wasisikie. Vipindi vingine vya afya vilikuwepo, na hakuna aliyewanyima dawa. Hata hivyo naamini mkoa ule unadaiwa shukrani ya wazi, isemwe hadharani na isemwe redioni. Bila Dodoma kukaa kimya, dunia isingejua. Na kwa wale wanaodhani wimbi ni jambo la kiufundi tu: hapo ndipo mtakapopata kipimo cha tofauti kati ya kufikiwa na kutofikiwa, kwa takwimu, wilaya kwa wilaya.

Miaka ile ile mambo yalikuwa yanabadilika. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Sauti safi, muziki mpya, vijana wenye haraka, msikilizaji anapiga simu na kusikika papo hapo. Ilikuwa heri kubwa. Yale niliyoyasema mwanzoni kuhusu waliokosa nafasi ya kusema yalianza kupata jibu. RTD yenyewe katika miaka ya 2000 iliunganishwa na televisheni ya taifa, na leo urithi wake uko TBC Taifa.

Lakini vituo vipya vilikuwa zaidi vya FM, na FM hufuata walipo wateja wa matangazo ya biashara, yaani mijini. Tazameni lilivyozunguka duara. Mwaka 1951 tulikuwa na redio ya mji. Kwa miaka 40 tukajenga redio ya nchi. Kisha tukapata redio nyingi sana za miji. Redio za jamii zimeziba baadhi ya mapengo, na nyinyi mlioko hapa mnaofanya kazi katika vituo hivyo, mara nyingi kwa posho ndogo, nawavulia kofia. Bado yapo mabonde ambako ukizungusha kitufe cha FM unasikia mvumo tu.

Najua hoja za upande wa pili. Mtambo wa kilowati 100 unakula umeme mwingi. Mlingoti unahitaji kiwanja kikubwa, na viwanja vya milingoti ambavyo zamani vilikuwa porini leo vimezungukwa na nyumba. Ujerumani ilizima mitambo ya masafa ya kati ya redio zake za taifa ifikapo mwisho wa 2015, na wengine Ulaya wamefanya hivyo. Sasa hivi simu ya mkononi inapeleka habari ya msiba kwa dakika moja, na inaipeleka vizuri kuliko redio ilivyowahi kufanya. Yote ni kweli. Ujerumani, hata hivyo, ilizima baada ya kuhakikisha kila kona ina njia nyingine. Na simu inahitaji mnara, chaji na salio. Mafuriko yakikata barabara na umeme, minara ya simu hubaki na uhai wa saa chache za betri. Mtambo mmoja wa masafa ya kati ulio salama, umbali wa kilomita 200, utaendelea kumfikia mtu mwenye redio ndogo. Mitambo ya kisasa isiyotumia valvu inakula umeme pungufu sana kuliko ile tuliyoizoea. Kwa hiyo nikisikia mlingoti wa mkoani umezimwa kwa sababu vipuri havipatikani, na hakuna aliyekwenda vijijini kuuliza wanasikia nini sasa, siwezi kukubali kwamba huo ni uamuzi wa kiufundi.

Ninayo maombi kwa makundi matatu yaliyomo humu. Wanafunzi, kabla hamjaandika tasnifu nyingine juu ya mitandao ya kijamii, nendeni mkawarekodi watangazaji, mafundi na makarani wa RTD waliostaafu, pamoja na viongozi wa vikundi vya Mtu ni Afya ambao bado wako hai vijijini. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1973 sasa amepita 70. Wakuu wa vituo, pimeni usikivu wenu kwa kutembea na redio ya kawaida, ya bei ya chini, hadi pale sauti inapokatika; andikeni jina la kijiji hicho na mlibandike ukutani studioni. Na wenye mamlaka juu ya mikanda: chumba chenye ubaridi na ukavu wa kudumu kwanza, kabla ya mradi mwingine wowote wa kompyuta, maana mkanda ulioharibika hauna cha kuhamishwa.

Upande wangu nimemaliza, na ninawashukuru kwa uvumilivu. Mwenyekiti ameniambia kuna nafasi ya maswali. Ningeomba tuanze na mafundi mitambo. Katika mikutano ya aina hii wao huulizwa mwisho, wakati watu wameshaanza kuinuka, na leo ningependa watueleze hali ya milingoti wanayoitunza, mkoa kwa mkoa, na wanachohitaji ili isizimike.